Kujitolea kwenye uhifadhi huku kusini: Ruaha, Kitulo na Rungwe, au Udzungwa?

Binti_Kalenga
Wakuu, kamwene. Nimemaliza diploma ya ualimu wa sayansi, ajira bado, na sitaki kukaa tu nyumbani nikisubiri. Nimeamua kiangazi hiki nijitolee kwenye uhifadhi wa wanyamapori mpaka mvua zianze. Nafikiria sehemu tatu: vijiji vya Idodi na Tungamalenga pembeni ya Ruaha, upande wa Kitulo na Mlima Rungwe, au Udzungwa kule Mang'ula. Nauli ninayo, ila hela ya kulala kwenye kambi za watalii sina. Mliowahi kufanya, nisaidieni kulinganisha.

MwanaPawaga
Karibu sana dada. Mimi nasema Ruaha, na nitakueleza kwa nini.

Watu wakisikia Ruaha wanawaza tembo mtoni na simba barabarani. Ni kweli wapo, na pale simba ni wengi kuliko sehemu nyingi za Afrika. Lakini kazi ya anayejitolea iko kijijini, kwenye eneo la MBOMIPA, jumuiya ya vijiji vya Idodi na Pawaga ya kuhifadhi wanyamapori, na kwenye maboma ya wafugaji. Fisi akiingia zizini usiku akaua mbuzi, asubuhi mwenye mali anawaza sumu. Ukitia sumu kwenye mzoga mmoja, anakufa fisi, anakufa simba, na tai wanaoushukia ule mzoga wanaisha wote. Ndiyo maana unakuta watu wanahangaika kuzungushia maboma waya imara badala ya miiba mitupu.

Kuna mpango ulioanzishwa na watu wa Ruaha Carnivore Project, mradi wa kuhifadhi wanyama walao nyama, waliokuja mwaka 2009. Kijiji kinatega kamera porini kwenye ardhi yake chenyewe, na kila mnyama anayepigwa picha ana pointi. Pointi zinageuzwa kuwa msaada wa shule, zahanati na dawa za mifugo. Nimekaa na askari wanyamapori wa kijiji tukipitia hizo picha kwenye kompyuta. Nyingi ni majani yaliyotikiswa na upepo, mara mgongo wa ng'ombe, mara sikio la punda, halafu ghafla chui mzima anatazama kamera. Wazee waliokuwa wamekaa nyuma kimya wote walisimama. Ni wafugaji hao hao ambao chui kwao ni hasara.

Ubaya wake: jua kali, vumbi, na mbung'o wanaong'ata hata juu ya nguo. Usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta.

Ndaga_Tukuyu
Kaka kasema vizuri, ila asiisahau Rungwe. Kipunji, tumbili wetu mwenye shungi kichwani, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, wakati wawindaji wa huku walikuwa wakimjua na kumsimulia siku zote. Anaishi Rungwe na Kitulo, na kundi jingine dogo liko Udzungwa. Dunia nzima hayupo kwingine.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Shida yake kubwa imekuwa watu kuchimba viazi vya okidi na kuvivusha Tunduma kwenda Zambia, kule vinapikwa chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi, mmea wenyewe umekufa. Kwa hiyo kazi ya huku ni vitalu vya miti ya asili, kupanda kwenye misitu iliyokatwa, na kukaa na wanavijiji kutafuta kipato kingine.

Lakini dada yangu, nikuambie ukweli: kiangazi si wakati wake. Maua yanaanza Desemba, na miti inapandwa mvua zikishanyesha. Juni na Julai Kitulo ni baridi ya kugandisha maji, na hofu kubwa ni moto. Ukija, njoo na koti zito. Kutokea Mbeya unaweza kupitia Isyonje, au Chimala ukapande zile kona hamsini na saba hadi Matamba.

Mzee wa Uyole
Wanangu, hamjambo. Naomba niongezee upande wa Udzungwa. Mang'ula unafika kwa treni ya TAZARA kutokea Mbeya, inakuachia hela ya kula. Msitu ule una mbega mwekundu wa Iringa, na tembo wanashuka hadi mashambani. Wenzetu wa Southern Tanzania Elephant Program, wenye ofisi Iringa, wamesaidia wakulima kuweka uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akiusukuma waya, mizinga inacheza, nyuki wanatoka, naye anarudi alikotoka. Mkulima anavuna mpunga na asali.

Hilo ni jambo kubwa, maana kifuta jasho cha serikali, kikija, hakifikii gunia zilizoliwa.

Faru_Mdogo
Kabla hujafunga begi, hakikisha una makubaliano ya maandishi: utafanya kazi gani, nani anakulisha, unalala wapi, ukiugua nani anakupeleka hospitali. Kuna sehemu nilijitolea nikaishia kuosha magari ya wageni hadi nikaondoka. Na popote watakapokuahidi kumbeba au kumpapasa mnyama wa porini, paache. Anayehifadhi kweli anataka mnyama asimzoee mtu.

MwanaPawaga
@Faru_Mdogo umenena. Na wewe dada, wewe ni mwalimu! Huko ndiko kwenye pengo. Watoto wa vijiji hivi wanakosa vipindi kwa sababu wanalinda mashamba au wanachunga. Klabu za Malihai, zile za wanafunzi za uhifadhi, zipo nchini tangu 1980, ila klabu bila mwalimu mwenye moyo inabaki jina kwenye daftari. Mtoto anayejua kutofautisha nyayo za fisi na za simba anamsaidia baba yake asimlipizie mnyama asiyehusika.

Ndaga_Tukuyu
Hapo nakubali, kwa kiangazi aende Ruaha. Mvua zikianza aje Rungwe tupande miti, mwalimu tunamhitaji huku pia.

Binti_Kalenga
Asanteni sana wakuu, na Mzee shikamoo. Nimeamua Tungamalenga, kazi iwe ya shule na kamera. Naanzia wapi?

Mzee wa Uyole
Marahaba mwanangu.

MwanaPawaga
Anza na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa wako. Ukifika, usiende shuleni moja kwa moja. Pita ofisi ya kijiji, uonane na mtendaji na mwenyekiti, usaini kitabu cha wageni, ueleze umekuja kufanya nini na kwa muda gani. Wao ndio watakaokupeleka kwa mwalimu mkuu na kukutafutia familia ya kukaa nayo. Barua toa nakala mbili, moja wataibakiza.