Ansible, Puppet au Salt? Seva 7 za Mtwara na Lindi

mwana_Mikindani
Wakuu, habari za leo. Nasimamia seva 7 za Debian (aina ya Linux): mbili hapa Mtwara mjini, nyingine Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi mjini na Nachingwea. Zinapokea uzito wa korosho ghalani na kuchapa stakabadhi. Mpaka sasa naingia moja moja kwa mbali, kwa SSH.

Msimu uliopita umeme ulikatika Newala. Seva ilipowaka saa ikawa imerudi nyuma, betri ya ubao ilikuwa imekufa. Chrony, ambayo ingeirekebisha saa, nilikuwa nimeiweka kwenye seva sita. Hiyo ya saba niliisahau. Stakabadhi za asubuhi nzima zikatoka na tarehe ya mwaka mwingine, na wazee wa watu wakakaa kivulini wakisubiri tuzirudie. Iliniuma sana.

Nataka usanidi wote uandikwe kama msimbo, ukae kwenye Git, hifadhi inayotunza kila badiliko. Matawini tunatumia ruta za 4G, hakuna IP ya nje, yaani seva hazifikiki moja kwa moja kutoka nje. Kati ya Ansible, Puppet na Salt, zana za kusanidi seva nyingi kwa pamoja, mngechagua ipi?

fundi_Masasi
Ansible, mkuu. Seva unayoisimamia huiwekei wakala wowote, yaani programu ya zana hiyo inayokaa ndani ya seva. SSH na Python vinatosha. Unaandika hali unayoitaka:

```
- name: Chrony iwepo
  ansible.builtin.apt:
    name: chrony
    state: present
```

Ukiiendesha mara ya kwanza inaiweka, mara ya pili inaikuta na kuiacha. Hati zangu za amri za bash hazikuwa hivyo: nilikuta mstari uleule mara tatu ndani ya sshd_config, faili la usanidi wa SSH, kwa sababu nilikuwa naongeza kwa `echo` kila nikiiendesha. Na kabla hujagusa kitu, weka `--check --diff` uone mstari gani utabadilika.

Bi_Seva_Lindi
Kaka fundi, umemjibu nusu. Kasema ruta za 4G. Ansible kwa kawaida inasukuma kutoka kwenye kompyuta yako, sasa Newala ataifikiaje? Kwa Puppet na Salt seva ndiyo inayopiga hodi. Wakala wa Puppet anauliza kila dakika 30, na mtandao ukikatika anaendelea na maelekezo ya mwisho aliyoyahifadhi. Wa Salt anafungua mwenyewe njia kwenda seva kuu, milango 4505 na 4506.

Puppet nimeitumia miaka sita na naipenda, ila kwa seva 7 simshauri. Seva kuu yake hutengewa GB 2 za kumbukumbu kabla hujaandika chochote, na lugha yake utajifunza upya. Isitoshe, tangu 2025 vifurushi vyake vipya havitolewi hadharani kama zamani. Jamii imeanzisha tawi lake, OpenVox.

fundi_Masasi
Kweli dada, hilo la ruta nimelipita. Basi atumie ansible-pull. Kila seva inawekewa Ansible yake, cron, kipanga ratiba cha Linux, inaiamsha kila nusu saa, inavuta kutoka Git na kujisanidi. Iliyozimika umeme ukirudi inajivutia yenyewe.

Bi_Seva_Lindi
Na siri je? Kwa kuvuta, kila seva inabeba hifadhi nzima ya Git, na ili ifungue Vault, sanduku la siri la Ansible, lazima iwe na nenosiri lake. Seva ya Nachingwea ikiibwa, mwizi kaondoka na nywila za hifadhidata za matawi yote. Seva kuu ya Puppet humpa kila mmoja chake tu, na pillar ya Salt, mahali inapowekea siri, unaweza kuigawa hivyohivyo. Hili watu hawalisemi wanapoisifia Ansible.

kijana_wa_Newala
Shikamoo dada. Mimi nimeweka WireGuard, njia ya siri ya mtandao (VPN), kwenye seva moja ya kukodi yenye IP ya nje. Matawi yanaunganika huko, na PersistentKeepalive ya sekunde 25 inafanya ruta isifunge njia. Nasukuma Ansible kupitia humo, siri zote zinabaki kwangu. Shida ni moja: tawi lililozimika wakati nasukuma linabaki nyuma, lazima nilirudie.

Bi_Seva_Lindi
Marahaba. Basi achanganye: yasiyo na siri yavutwe, yenye siri yasukumwe.

mwana_Mikindani
Asanteni sana wakuu. Chrony, ngome (firewall) na masasisho nitayaweka kwenye ansible-pull, nywila nitazisukuma kwa WireGuard. Salt naiacha, sina wa kunisaidia kuisimamia. Naanza na Nachingwea Jumamosi ghala likifungwa, na Newala nitakwenda mwenyewe na betri mpya. Kijana, hiyo seva ya kukodi ina RAM kiasi gani?

kijana_wa_Newala
MB 512, na inatosha.