Øre 5 ya bronzi yenye tundu, mwaka 1941, haina kimoyo. Ni feki?

Kiroba_cha_Senti: Wakuu, habari. Nina rundo la sarafu za Denmark za bronzi zenye tundu, øre (senti zao) 1, 2 na 5, za enzi ya mfalme Christian X. Zote zina kimoyo (alama ndogo ya umbo la moyo) na herufi, isipokuwa øre 5 moja ya 1941. Hiyo haina kimoyo wala herufi, lakini mizani inasoma gramu 7.6 na kipenyo ni milimita 27. Ni feki? Halafu tatu zina madoa ya kijani, nizisugue kwa ndimu?

Mizani_Haidanganyi: Mkuu, hiyo ndimu iweke kwenye chai. Na hiyo ya 1941 itenge, huenda ndiyo bora kuliko rundo zima.

Kimoyo ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Copenhagen. Wajerumani walivamia Denmark tarehe 9 Aprili 1940, na kufikia 1941 Copenhagen haikugonga tena bronzi: øre 1 ikawa ya zinki, øre 2 na 5 zikawa za alumini, nazo zikahamia zinki 1942. Kwa hiyo ukishika bronzi yenye tundu ya 1941, umeshika sarafu ya Visiwa vya Faroe, visiwa vya Atlantiki Kaskazini vilivyo chini ya Denmark. Waingereza waliingia huko tarehe 12 Aprili 1940, visiwa vikakatika na Denmark, chenji yao ikagongwa London kwa mchoro uleule wa Kidenmark, bila kimoyo na bila herufi.

Vipimo ni vilevile: øre 1 ni milimita 16 na gramu 1.9, øre 2 ni 21 na 3.8, øre 5 ndiyo hiyo yako. Maana yake mizani haikutoshi. Chukua lenzi ya mara kumi, ilaze sarafu mshazari chini ya taa, linganisha na ya Copenhagen mahali pale kimoyo kinapokaa. Ukiona bonde, michirizi ya tupa au rangi iliyopauka, kimoyo kimekwanguliwa. Kagua na tarakimu za mwaka kwa namna hiyohiyo.

Herufi_Ndogo: Nyongeza kwa hizo zenye kimoyo. HCN ni Hans Christian Nielsen, mkuu wa kiwanda hadi 1927. N ni aliyemfuata, naye ni Nielsen vilevile (wasikuchanganye). GJ ni mchongaji Gunnar Jensen, na kuanzia 1933 utakuta S ya Harald Salomon. Ukiorodhesha, andika mwaka pamoja na herufi.

Bi_Asetoni: Kuhusu kijani, gusa kwanza kwa ncha ya kijiti cha meno.

Ikinata kama gundi, ni mabaki ya mfuko laini wa plastiki ya PVC. Loweka kwenye asetoni halisi, ndani ya chombo cha glasi, madirisha wazi, mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe. Usitumie dawa ya kutoa rangi ya kucha, mara nyingi ina mafuta na manukato.

Ikiwa ngumu, yenye uso laini, na haitoki, ni rangi ya uzee. Iache.

Ikiwa unga wa kijani kibichi unaopukutika na chini yake kuna vishimo, hapo ni kloridi (chumvi) inakula bronzi yenyewe, na itarudi kila unyevu ukipanda. Itenge na wenzake. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (siyo asidi yake!), ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa. Kausha kabisa, uhifadhi na silika jeli (vile vipakiti vya kufyonza unyevu), unyevu wa hewa chini ya asilimia 40. Vishimo havitazibika.

Ndimu inayeyusha ngozi ya kahawia na kuacha wekundu wa waridi. Mnunuzi anauona kabla hujafungua mdomo.

Kiroba_cha_Senti: Shukrani. Mbili zinanata, moja inapukutika, nimeshaitenga. Kwenye 1941 sioni bonde wala michirizi. Kuna muuzaji wa Denmark ameandika ubora wa øre 5 yake ni "1+", nyingine "01". Ipi nzuri?

Mizani_Haidanganyi: 01. Kwao 0 ni sarafu ambayo haijatumika kabisa, inafuata 01, kisha 1+, 1, 1-, na kuendelea kushuka. Na muulize mwaka. Øre 5 ya bronzi ya mfalme Frederik IX, 1960 hadi 1972, haina tundu, ina milimita 24 na gramu 6. Ile ndogo ya milimita 15.5 ya kuanzia 1973 ni chuma kilichopakwa shaba. Sumaku inainasa papo hapo.