Mabomba ya asbesto: yafukuliwe yote sasa, au yasubiri kuchakaa?

Mtoa hoja: Ndugu zangu, bomba kuu la mtaani kwetu lilipasuka mwezi uliopita. Mafundi walipolifukua, tukaona ni lile la zamani, la kijivu, la saruji iliyochanganywa na asbesto (madini yenye nyuzi nyembamba sana), na upande wake wa ndani ulikuwa umelainika kiasi kwamba niliukwangua kwa ukucha ukatoka unga. Tangu siku hiyo jirani yangu hanywi maji ya bomba. Nami nasema mabomba hayo yang'olewe yote, hata kama bili itapanda, kwa sababu Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na Marekani nayo hairuhusu zaidi ya nyuzi milioni 7 katika lita moja ya maji ya kunywa. Nani huwekea kikomo kitu kisicho na madhara?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, umechanganya kuvuta vumbi la asbesto na kuinywa katika maji. Saratani zilizothibitishwa katika tathmini ya shirika hilo ya 2012 ni za mapafu, za utando unaoyazunguka na ule wa tumbo, za zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na za ovari, na ushahidi wake umetoka hasa kwa watu waliovuta vumbi kazini. Kwa tumbo na utumbo mpana, uhusiano ulionekana lakini haukutosha kuthibitisha. Hicho kikomo cha Marekani nacho kinahesabu nyuzi zenye urefu unaozidi mikromita 10 tu (sehemu moja ya mia ya milimita), na msingi wake ni panya madume waliolishwa asbesto wakaota vinundu visivyo vya saratani utumboni.

Ukitaka mfano wa watu, tazama mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani. Kampuni ya Reserve Mining ilikuwa ikimwaga mabaki ya madini katika Ziwa Superior tangu miaka ya 1950, na mwaka 1973 ikabainika kwamba maji ya kunywa ya mji huo yamejaa nyuzi za jamii ya asbesto. Mji ulijenga mtambo wa kuchuja, kesi dhidi ya kampuni ikafika mbali, lakini tafiti zilizofuata hazikuonyesha ongezeko la saratani lenye mwelekeo thabiti. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha asbesto katika maji ya kunywa hadi leo.

Mchangiaji wa pili (mwalimu): Naomba nikukatize hapo, ndugu yangu. Saratani ya asbesto hukaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini kabla ya kujitokeza, kwa hiyo tafiti za Duluth zilizofanywa mapema zisingeweza kuona mengi. Nchini Norwei, walinzi wa minara ya taa waliokuwa wakinywa maji ya mvua yaliyotiririka kutoka mapaa ya asbesto walifuatiliwa kwa miaka mingi, na saratani ya tumbo ikaonekana kwao zaidi kuliko kwa wananchi wenzao. Ni kundi dogo, nakubali, lakini mimi linanigusa: shule ninayofundisha ina paa la asbesto lililoota kuvu, gata yake inaingia moja kwa moja kwenye simtanki, na watoto wanakinga vikombe hapo kila mapumziko. Mnajadili bomba lililo chini ya ardhi na kulisahau lililo juu ya vichwa vyetu.

Mchangiaji wa tatu (fundi bomba): Mwalimu, shikamoo. Bomba la asbesto lililotulia ardhini, likipitisha maji yasiyo na asidi, halitoi nyuzi nyingi. Maji laini yenye asidi ndiyo yanayolamba chokaa ya saruji hadi nyuzi zikabaki wazi, na hilo mamlaka ya maji inaweza kulirekebisha mtamboni. Hatari ninayoijua mimi ni ya grenda, ile mashine ya kukatia. Tunalikata kavu, vumbi jeupe linafunika nyusi, barakoa hakuna, kisha nguo hizohizo mke anakung'uta nyumbani. Mkisema yafukuliwe yote mara moja, mnatuambia sisi tuyakate yote mara moja.

Mtoa hoja: Hapo umenirudisha nyuma, fundi. Nalegeza msimamo: yabadilishwe kila yanapochakaa au kupasuka, ambavyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, yakatwe yakiwa yamelowa na kwa msumeno wa mkono, na yasiyobadilishwa yaachwe palepale yalipo. Simtanki ya mwalimu ndiyo naona isisubiri. Lakini kuna jambo nililoliona jana: vile vipande vya bomba letu bado vimelala ukingoni mwa barabara, na watoto wanavitumia kama chaki, kuchorea lami. Nimewauliza waliokuja kufukua, wakaniambia kazi yao ilikuwa bomba. Ni nani basi wa kuviokota?