Kuhama Lightroom Classic: lebo, nyota na uhariri wa zamani vitakuwaje?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia Lightroom Classic kupanga na kuhariri picha zangu, na sasa nimeamua kuhamia programu nyingine kabla muda wa malipo yangu haujaisha. Sina neno baya juu ya programu yenyewe. Ninachotaka ni maktaba ya picha ambayo nitaendelea kuihariri hata nisipolipa chochote mwezi huo, na ningependelea programu ya chanzo huria, kwa kuwa leo natumia Windows lakini huenda baadaye nikahamia Linux.

Maktaba hiyo ina picha zipatazo 60,000, nyingi zikiwa faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera. Nimeziwekea lebo kwa uangalifu mkubwa, zikiwa zimepangwa kwa ngazi, kwa mfano wanyama, kisha ndege, kisha aina ya ndege. Aidha, nimezipa nyota na nimetaja majina ya watu waliomo. Nahofia mambo mawili: kupoteza kazi hiyo ya kuziainisha, na kupoteza uhariri niliokwisha kuufanya. Naomba ushauri wa waliokwisha kuhama, hasa kuhusu programu za darktable, digiKam na RawTherapee, kwa sababu maelezo ninayoyasoma huisifu kila moja bila kueleza kinachobaki nyuma mtu anapohama.

Jibu la 1

Ndugu, hofu yako ya kwanza ina dawa, lakini ya pili haina dawa kamili, na ni vema ulijue hilo mapema ili nguvu zako uzielekeze panapostahili. Unapohariri, Lightroom haiigusi faili ya RAW. Huandika maagizo tu, kwamba mwangaza uongezwe kiasi fulani, vivuli vifunguliwe na ukingo huu ukatwe, na maagizo hayo huyaweka ndani ya katalogi, yaani ile faili inayoishia na .lrcat, ambayo kimsingi ni hifadhidata ya SQLite. Kila programu ina hesabu zake za kugeuza data ya kamera kuwa rangi, kwa hiyo hata agizo lenye jina lilelile katika programu mbili huzaa picha mbili tofauti. Usitarajie programu yoyote ikufungulie picha zako za zamani zikiwa vilevile ulivyoziacha.

Lebo, nyota, rangi za alama, maelezo ya picha na mahali ilipopigwa ni habari nyingine kabisa. Hayo huandikwa kwa XMP, mfumo wa kuandika taarifa za picha ulioanzishwa na Adobe mwaka 2001 na ambao tangu 2012 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na programu zote ulizozitaja zina namna ya kuusoma. Tatizo ni kwamba Lightroom Classic isipoagizwa huyabakiza yote ndani ya katalogi. Basi, fungua moduli (sehemu ya programu) ya Library, chagua picha zote zikiwa katika mwonekano wa gridi, kisha bonyeza Ctrl+S. Kwa JPEG, TIFF na DNG (aina ya RAW ya Adobe), taarifa zitaandikwa ndani ya faili yenyewe. Kwa RAW za watengenezaji wa kamera, itaundwa faili ndogo ya XMP kando ya kila picha. Kazi hiyo ni ya muda mrefu kwa maktaba kubwa kama yako, na kwa kuwa utakuwa unaandika ndani ya faili nyingi kwa mkupuo mmoja, tengeneza kwanza nakala rudufu ya picha zote pamoja na katalogi katika diski ya nje.

Picha ambazo uhariri wake unauthamini kwa dhati, zitoe zikiwa zimekamilika. TIFF ya biti 16 ndiyo itakayokuachia nafasi ya kuirekebisha picha baadaye, lakini ina gharama yake: picha ya megapikseli 24 isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 144. Kwa hiyo ningeihifadhi njia hiyo kwa picha zenye nyota nne na tano, nyingine nikazitoa kwa JPEG ya ubora wa juu.

Usiiondoe Lightroom kwenye kompyuta siku malipo yatakapokoma. Kwa utaratibu wa sasa wa Adobe, Lightroom Classic huendelea kufunguka hata baada ya malipo kuisha, na unaweza kutafuta picha na kuzitoa. Kinachofungwa ni moduli za Develop na Map.

Jibu la 2

Naafikiana na mwenzangu juu ya XMP, ila ningependa kuongezea kuhusu uchaguzi wa programu. Tumezoea kuuliza ni programu gani moja itakayochukua nafasi ya Lightroom, ilhali Lightroom inafanya kazi mbili, kupanga na kuhariri, ambazo si lazima zikae nyumba moja. Mtu mwenye picha chache aweza kutosheka na darktable peke yake, kwani nayo ina sehemu ya kupangia picha. Kwa maktaba yenye lebo za ngazi na majina ya watu, mimi ningeiweka digiKam kuwa mahali pa kupangia, halafu faili za RAW nikazifungua kwa darktable au RawTherapee pale ninapotaka kuhariri. Zote tatu ni za chanzo huria na zinatumika katika Windows, Linux na macOS, jambo linaloafikiana na mpango wako.

digiKam huzisoma lebo za ngazi zilizoandikwa na Lightroom, na husoma pia maeneo ya nyuso pamoja na majina yake. Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujaingiza picha hata moja. Kwanza, katika mipangilio ya metadata, yaani taarifa za picha, iruhusu isome faili za XMP zilizo kando ya picha. Pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama, angalia majina ya faili hizo. Lightroom ikiwa na picha IMG_0001.CR2 huunda IMG_0001.xmp, lakini digiKam kwa kawaida hutafuta IMG_0001.CR2.xmp, na isipoiona huiona picha kana kwamba haina lebo yoyote. Matoleo ya karibuni yana chaguo la kufuata utaratibu wa majina wa programu za kibiashara, liwashe.

darktable nayo hutumia majina ya namna hiyo ya pili, lakini inapoingiza picha kwa mara ya kwanza na kukuta faili ya XMP ya Lightroom pekee, huchukua lebo, nyota na rangi za alama, na hujaribu kutafsiri baadhi ya maagizo ya uhariri, kama vile kukata kingo na kiwango cha mwangaza. Matokeo yake hayafanani na ya awali, ingawa kule kukatwa kwa kingo pekee huokoa kazi nyingi.

Nakusihi ujaribu kwanza kwa folda moja iliyonakiliwa, yenye picha za kila aina, ukague lebo moja baada ya nyingine ndipo uhamishe zilizobaki.

Muulizaji

Ahsanteni sana kwa maelezo haya, hasa lile la majina ya faili, ambalo sijalikuta popote. Nina swali moja la nyongeza. Nimezoea kutengeneza nakala pepe ya picha, yaani toleo la pili la uhariri lisilo na faili yake, moja ya rangi na nyingine nyeusi na nyeupe, na nina mikusanyiko mingi niliyoipanga kwa mada bila kujali folda. Je, navyo huandikwa katika XMP?

Jibu la 1

Hapana, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuhama. Nakala pepe, mikusanyiko na mafungu ya picha huishi ndani ya katalogi pekee. Mikusanyiko huokolewa kwa kuigeuza kuwa lebo: fungua mkusanyiko mmoja, chagua picha zote zilizomo, zipe lebo yenye jina la mkusanyiko chini ya lebo kuu uliyoitenga kwa kazi hiyo, kisha endelea na unaofuata. Ukimaliza, bonyeza tena Ctrl+S kwa picha zote, kwa sababu lebo ulizoongeza baada ya kuhifadhi mara ya kwanza bado zitakuwa ndani ya katalogi. Nakala pepe hazina njia nyingine isipokuwa kuzitoa zikiwa TIFF au JPEG.

Jibu la 3

Ningependa kusema neno juu ya uhariri wenyewe, kwa sababu ndugu zangu wamegusa zaidi upande wa kupanga. Anayetoka Lightroom akaingia darktable hukuta moduli nyingi, na kishawishi cha kwanza ni kuzifungua zote akitafuta vitelezi alivyovizoea. Kishawishi hicho kinachosha bure. Anza na moduli chache: mwangaza, urekebishaji wa rangi, na sigmoid, inayopanga uwiano wa mwanga na giza, ambayo ilianza katika toleo la 4.2 mwishoni mwa mwaka 2022 na ambayo kwa maoni yangu ni rahisi kuielewa kuliko filmic, moduli nyingine ya kazi hiyohiyo. Picha ikianza kukupendeza kwa hizo, ndipo uongeze nyingine.

Vilevile, nisingepoteza muda kuhariri upya picha za zamani ili zifanane na zilivyokuwa. Zile zilizotolewa zikiwa zimekamilika ziache kama zilivyo, na ujifunze programu mpya kwa picha mpya utakazopiga. RAW za zamani zipo palepale, na siku utakapoihitaji mojawapo utaihariri kwa macho ya siku hiyo.

Kama kazi yako ingekuwa ya studio, kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta muda wote, ningekuelekeza kuitazama Capture One, lakini hiyo si ya chanzo huria. Kwa mahitaji uliyoyaeleza, ningefuata mpangilio wa digiKam na darktable, kwa sharti moja: amua tangu mwanzo kwamba lebo na nyota zitabadilishwa katika digiKam peke yake, maana programu mbili zikiandika lebo za picha moja, ile iliyoandika mwisho yaweza kuifuta kazi ya mwenzake.