Noti ya Marki 1000 ya 1910: muhuri mwekundu na wa kijani

mtunza_noti
Wakuu, nina noti mbili za Ujerumani za Marki 1000, kahawia, kubwa kuliko kiganja. Zote zimeandikwa "Berlin, den 21. April 1910". Moja ina mihuri na namba nyekundu, nyingine kijani. Ipi ilitangulia, na mbona tarehe ni moja?

karatasi_kuukuu
Nyekundu ndiyo iliyotangulia, mkuu. Hiyo ni tarehe ya toleo, si siku ya kuchapwa. Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani wakati huo, iliendelea kuchapa sura ileile miaka mingi, na zenye kijani ni za baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sahihi nazo hazikusaidii: ya Rudolf Havenstein, aliyeongoza benki hiyo tangu 1908 mpaka alipofariki Novemba 1923, imo katika zote mbili. Anza na rangi, kisha hesabu tarakimu za namba. Katika nyekundu, zenye tarakimu 6 ni za mwanzo kuliko zenye 7.

Sasa soma maandishi ya mbele: "Ein Tausend Mark zahlt die Reichsbankhauptkasse in Berlin…" Yaani hazina kuu ya Reichsbank itamlipa atakayeileta noti, bila kumuuliza yeye ni nani. Kabla ya Agosti 1914 ahadi hiyo ilikuwa na uzito wa kushikika: sarafu 50 za dhahabu za Marki 20, kila moja gramu 7.965, na dhahabu safi ndani yake jumla kama gramu 358. Vita vilipoanza malipo ya dhahabu yakasimamishwa, ila maneno hayakufutwa. Hiyo ya kijani ilitoka mashineni ikiwa na ahadi ambayo tayari haitekelezwi. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa noti hizi.

mtunza_noti
Asante sana. Kuna mtu anauza ya Marki 1000 yenye chapa nyekundu ya mshazari "Eine Milliarde Mark". Ni hii hii?

hesabu_za_zamani
Hapana. Ile ni ya 15 Desemba 1922, ndogo zaidi: takriban milimita 140 kwa 90, wakati yako ni kama 187 kwa 110. Chapa ikaongezwa 1923 bei zilipopaa. Na angalia lugha: Milliarde ni bilioni yetu, Billion ya Kijerumani ni trilioni. Wauzaji wengi hukosea hapo.

Usitarajie uhaba. Watu wengi walizificha zenye muhuri mwekundu wakiamini zitalipwa thamani ya kabla ya vita. Sheria ya 30 Agosti 1924 ikaweka marki trilioni moja za karatasi kwa Reichsmark moja, yaani sarafu mpya ya Ujerumani, basi zikabaki kabatini, nyingine safi kabisa. Kwa hiyo thamani iko kwenye hali ya noti: mkunjo mmoja wa katikati unaishusha.

karatasi_kuukuu
Naongezea: usiipige pasi wala kuiosha. Pasi hulaza mkunjo lakini nyuzi za karatasi zilizokatika hazirudi, na mnunuzi akiiinamisha kwenye mwanga atauona. Gundi ya selotepu huingia kwenye karatasi na kuacha doa la njano. Mfuko uwe wa poliyesta; plastiki ya PVC hutoa kemikali baada ya muda na noti hunata.