DARI DUME ANA PEMBE!! Huyu mtu anyang'anywe kitufe cha kuhifadhi

mlinzi_wa_maana
Wakuu, nagonga kibodi hadi inaomba poo. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa "nimesanifisha lugha". Kaona neno "paa" lina utata, kaamua litoke duniani. Kabadilisha kwa mkupuo kila "paa" kuwa "dari", makala zote za wiki yetu, ile tovuti ya makala tunayoihariri wote. Ukurasa wa mnyama sasa unasomeka hivi: "Dari dume ana pembe, dari jike hana."

Dari. Dume. Ana. Pembe.

Kwanza dari si paa! Paa ndilo linalopigwa na mvua. Dari iko chini yake, ukilala chali chumbani unaitazama. Kwa hiyo hata makala za ujenzi alizodhani anazisaidia kaziua, na upatanisho kauacha unaning'inia: "dari la makuti". La!

Halafu hiyo "paa" ni maneno manne yanayovaa nguo moja. Paa hili, mapaa haya, la nyumba. Paa huyu, paa hawa, mnyama. Kupaa, kwenda juu. Kupaa samaki, kumkwangua magamba. Binadamu anatazama upatanisho anajua lipi ni lipi. Mashine inaona herufi tatu. Na bingwa wetu hakuweka hata sharti la neno zima kwenye utafutaji, ikaingia mpaka kwenye matumbo ya maneno: ndege "ilidari", mwenye upaa ana "udari", kupaaza sauti ni "kudariza sauti", Sikukuu ya Kupaa ni "Sikukuu ya Kudari". Samaki naye eti kabla ya kukaangwa sharti "kumdari".

Msiniambie angeweka neno zima angepona. "Mapaa" na "yalipaa" yangebaki, maana viambishi tunavibandika mbele, na yule mnyama angegeuka dari vilevile kwa kuwa yeye ni "paa" tupu, hana kiambishi cha kumwokoa. Hii kazi ni ya macho, sentensi kwa sentensi.

Hajatosheka. Ukurasa wa maana, uliokuwa unawagawia wasomaji njia, kaufuta akauelekeza kwenda Paa, na Paa akauelekeza kwenda Dari. Wiki hufuata elekezo moja tu, la pili inagoma. Msomaji anaachwa anatazama mshale. Ilitakiwa Paa uwe ukurasa wa maana, kisha Paa (jengo) na Paa (mnyama) zisimame peke yake. Kabla ya kuhamisha chochote unafungua "Viungo viungavyo ukurasa huu", unapita kiungo kimoja kimoja, kabla ya mstari jina la ukurasa, baada yake neno analoliona msomaji: [[Paa (jengo)|mapaa]], [[Paa (mnyama)|paa]]. Inachosha. Ndiyo kazi yenyewe!

Na muhtasari wake wa hariri je? "Marekebisho madogo." Katia na tiki ya HARIRI NDOGO. Dari dume ana pembe, hariri ndogo.

kifutio
😂😂😂 Nauliza tu, dari jike hunyonyesha?

ngeli_ya_tisa
Mleta uzi punguza povu. Hariri ndogo inafichika kwa aliyechuja ndogo kwenye orodha yake ya kufuatilia. Kama umezichuja, umelala mwenyewe.

mlinzi_wa_maana
Kwa hiyo mkosaji ni mimi? DARI DUME ANA PEMBE mkuu. Soma tena taratibu.

kifutio
Nimesoma taratibu, nimecheka zaidi.

jiko_la_vigezo
Hiyo ya kwako ina nafuu. Kwenye mapishi kuna mwenzake aliona "nyanya" ina utata akaweka "bibi". "Chagua bibi zilizoiva, zimenye, zikatekate." Na hakuna aliyeripoti.

mpanga_viungo
Mleta uzi, usibonyeze Tengua kwenye kurasa ambazo wengine wamehariri sehemu zilezile baada yake, itakataa. Fungua historia, bofya tarehe ya toleo la kabla yake, hariri, hifadhi. Ila hapo unafuta na mema ya waliofuata, kwa hiyo linganisha matoleo kwanza uyarudishie kwa mkono. Ukurasa ukiwa umehamishwa na elekezo lililoachwa limeshahaririwa, hutaweza kuurudisha juu yake, muombe mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki. Pia kagua viungo vya lugha nyingine. Mtu akiunganisha kurasa hovyo, msomaji wa mnyama anabofya Kifaransa anatua kwenye mabati.

mlinzi_wa_maana
Asante. Angalau mmoja ana akili humu.

samaki_mkavu
Nyie mnalia na paa, sisi wa bahari tuseme nini? Wiki inakuza yenyewe herufi ya kwanza ya kila jina la ukurasa, kwa hiyo "papa" na "Papa" ni ukurasa mmoja. Usipoandika [[Papa (samaki)|papa]], mwenye meno yule anakupeleka Roma.

ngeli_ya_tisa
Afadhali papa. Ugonjwa mkubwa ni SAA. Chanzo kinasema tetemeko lilipiga 2 usiku kwa hesabu ya kigeni, mfasiri anaandika "saa 2 usiku". Msomaji wa Kiswahili anaelewa 20:00. Tetemeko limeruka saa 6! Ilitakiwa saa 8 usiku.

kifutio
Andika 02:00 yaishe.

samaki_mkavu
02:00 ya wapi? Ya eneo la tukio au UTC, saa ya pamoja ya dunia? Usipotaja umehamisha utata tu, hujautoa.

jiko_la_vigezo
Na "usiku wa Ijumaa" ni upi? Wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi?

samaki_mkavu
Wa kuamkia Ijumaa. Siku huanza jua likizama.

ngeli_ya_tisa
Labda kwako. Wengi humu tunabadilisha siku saa 6 usiku. Andika "usiku wa kuamkia" uweke na tarehe zote mbili.

samaki_mkavu
Zote mbili kwenye jedwali la pembeni? Kigezo, ile fomu inayochora jedwali, kinapokea tarehe moja, ya pili inavunja hesabu ya umri.

jiko_la_vigezo
Tetemeko lina umri?

mlinzi_wa_maana
Jamani, uzi huu ulikuwa wa paa.

ngeli_ya_tisa
Fungua wako mkuu, huku tunajadili saa.