Galeri ndani ya kofia, ile nayo ni sanaa?

MtotoWaKatuba: Bandugu ba Lubumbashi, mwalimu wetu wa kuchora alituambia juu ya Robert Filliou, musanii Mufransa, eti mu 1962 alikuwa anatembea mu Paris na galeri, ni kusema fasi ya kuonyesha kazi za sanaa, ndani ya kofia. Sisi benye hatuna sale ya kuonyesha kazi tunaweza kufanya vile?

Fundi_wa_rangi: Kweli kabisa, iliitwa Galerie Légitime, alikuwa anabeba kazi ndogo-ndogo za musanii mwenzake Benjamin Patterson, akikutana na mutu mu barabara anamuonyesha. Mi naipenda sana, haingojei batu bakuje, yenyewe njo inabafuata.

Mama_turubai: Ila mu 1968 Filliou alisema kitu kilifanywa muzuri, kilifanywa mubaya ao hakikufanywa, vyote viko sawa. Hapo mi nakatala, mwanangu jifunze mukono kwanza.

MtotoWaKatuba: Aksanti mama. Kofia niko nayo tayari.